Kuwasha taa za LED za mapambo bila kontrola: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Msimu wa harusi ukiingia Mombasa, na vivyo hivyo Ramadhani, Maulidi na Krismasi, swali huwa lile lile: kontrola, yaani kile kiboksi cha kubadilisha rangi, imekufa, taa zenyewe nzima, sasa tufanyeje? Hapa tunazungumzia taa zinazopatikana kwenye maduka ya stima mjini: tepe za dari za jipsamu, kamba za kumetameta za kutundika barazani, nyaya nyembamba za shaba za kupambia jukwaa la bi harusi, na zile zinazong'aa chini ya tuktuk. Panapohusu umeme wa volti 240, majibu haya hayatakufanya fundi. Yatakuwezesha kujua fundi anafanya nini, na wakati gani umwambie aache.

Kontrola imekufa lakini taa ni nzima. Naweza kuziunga moja kwa moja?

Inategemea kontrola ilikuwa na kazi gani, na hapo ndipo wengi wanapoteleza. Wanadhani kila kontrola ni kidude cha kubadilisha rangi tu, kwa hiyo kila kontrola yaweza kutolewa.

Kwenye utepe wa kawaida wa volti 12, kontrola inafungua na kufunga njia ya umeme, basi. Ukiitoa, taa zinawaka bila shida yoyote. Kwenye kamba za kumetameta zinazochomekwa moja kwa moja kwenye soketi ya 240, kile kiboksi kina pia dayodi za kugeuza umeme wa AC (wa ukutani, unaogeuka mwelekeo) kuwa DC (wa mwelekeo mmoja, kama wa betri). Ukikitupa chote umetupa na kitu ambacho balbu zinakihitaji. Na kwenye taa zile ambazo kila balbu ina chipu yake, kontrola ndiyo inayotoa amri. Pasipo amri, ni giza, hata umeme uwe sawa kabisa.

Kisha, kontrola si adapta. Unaweza kuiondoa kontrola. Adapta inayoshusha 240 kuwa 12 huwezi. Kila mwaka kuna anayekata waya wa utepe wa volti 12 na kuufunga plagi ya ukutani kwa kuwa ameambiwa "unga moja kwa moja". Utepe huo unakufa kwa kishindo, na aliyeshika waya ana bahati kama ni utepe tu uliokufa.

Nitajuaje kwamba kontrola ndiyo iliyokufa kweli?

Anza na remoti. Zile remoti ndogo bapa zenye vitufe 24 hutumia betri ya kidonge aina ya CR2025, ya volti 3, na mpya huja na kikaratasi cha plastiki kinachotenganisha betri na chuma. Watu wameshatupa seti nzima kwa sababu ya kikaratasi hicho. Ielekeze remoti kwenye kamera ya simu, hasa ya mbele, kisha bonyeza: ukiona kitaa cha zambarau kinamulika kwenye kioo cha simu, remoti ni nzima.

Halafu pima adapta kwa multimita. Iliyoandikwa 12V ikitoa 12 au zaidi kidogo, ni nzima. Ikitoa 5 au ikipandapanda na kushuka, adapta ndiyo mgonjwa na kontrola inasingiziwa. Kwa kamba za 240 zenye kitufe kimoja cha mitindo minane, bonyeza kitufe mara kadhaa kwanza. Pengine imekwama kwenye mtindo wa kufifia polepole na wewe umeshashika bisibisi.

Nitajuaje taa zangu ni za aina gani?

Soma kibandiko cha adapta, kwenye mstari wa OUTPUT. Kisha hesabu nyaya zinazoingia kwenye taa. Kisha soma maandishi yaliyochapwa kwenye utepe wenyewe, karibu na alama ya mkasi.

Nyaya mbili na 12V au 24V: utepe wa rangi moja. Nyaya nne, zenye herufi R, G na B (nyekundu, kijani, bluu): utepe wa RGB. Nyaya tatu zenye chanya, hasi na katikati DI, DO au DATA, pamoja na vimshale vinavyoelekea upande mmoja: hizo ni za chipu. Waya mwembamba wa shaba au fedha, na adapta ya 24V, 29V au 31V: usikimbilie kuzifunga, zina jibu lake huko chini. Na kama hakuna adapta kabisa, plagi inaingia ukutani na kiboksi kiko njiani, basi unashika taa za 240.

Kuna pia ule utepe mnene uliovikwa plastiki unaouzwa kwa mita kwa ajili ya jipsamu, wa 220V. Huo hauna kontrola ya kutoa. Plagi yake ina dayodi za kugeuza umeme, na bila plagi hiyo hauwaki vizuri. Ukinunua mita zake dukani, nunua na plagi yake.

Utepe wa rangi moja naungaje?

Waya chanya wa adapta kwenye chanya ya utepe, hasi kwenye hasi. Ukikosea ukageuza, utepe wa kawaida wa volti 12 hauwaki tu. Geuza nyaya, utawaka. Ukate kwenye alama ya mkasi peke yake. Kwenye utepe wa volti 12 alama hiyo huja baada ya kila LED tatu, kwa sababu tatu hizo zimefungwa kwa mfuatano pamoja na rezista yao, kidude kinachozuia mkondo usizidi. Ukikata katikati ya kundi, kundi hilo halitawaka, ingawa mengine yataendelea.

Na utepe wa RGB wenye nyaya nne?

Swali hili ndilo linaloulizwa zaidi, na jibu lake linawashangaza hata mafundi wa siku nyingi: kwenye tepe nyingi za RGB, waya mweusi ndio chanya. Wakati mwingine ni mweupe. Tumezoea kuwa mweusi ni hasi, na mazoea hayo ndiyo yanayofanya mtu aape kwamba utepe umeungua.

Rangi zote tatu zinatumia chanya moja. Kontrola hukaa upande wa hasi, na ndani yake mna transista tatu, kila moja inafungua njia ya rangi yake. Kwa hiyo ukiitoa kontrola unafanya hivi: waya wa chanya, ulioandikwa 12V au + kwenye utepe, uende kwenye chanya ya adapta. Ule wa R ukiugusisha na hasi ya adapta, utepe unawaka mwekundu. G, kijani. B, bluu. R na G pamoja zinatoa manjano. G na B zinatoa rangi ya bahari ya Nyali saa sita mchana. R na B zinatoa zambarau iliyokolea, inayopendwa sana kwenye majukwaa ya harusi. Zote tatu pamoja zinatoa nyeupe.

Usiamini rangi za nyaya, amini herufi zilizochapwa kwenye utepe. Kuna tepe ambazo mpangilio wake ni G, R, B, na nyaya zilizolehemiwa kiwandani hazikuufuata.

Ukitaka uhuru kidogo bila kununua kontrola nyingine, weka swichi tatu ndogo, moja kwenye kila waya wa rangi, zote zikielekea hasi. Swichi tatu zinakupa rangi saba. Hazitabadilika zenyewe wala kufuata muziki, lakini kwa maoni yangu sebule inayobadilika rangi kila sekunde inachosha macho kabla ya chai kumalizika.

Utepe wa nyaya tano una W ya ziada, yaani LED nyeupe halisi. Kanuni ni ile ile, na kama unataka nyeupe tumia W peke yake. Nyeupe ya kuchanganya R, G na B huwa na ubluu fulani unaofanya biriani ionekane ya jana.

Mbona mwanzo wa utepe ni mweupe na mwisho wake ni mwekundu-mwekundu?

Volti zinapungua njiani. LED tatu za bluu au kijani zilizofuatana zinataka kama volti 9.6 kabla hazijawaka vizuri, na rezista yao inabakiwa na kama 2.4. Nyekundu tatu zinatosheka na takriban 6, hivyo rezista yao ina 6 nyingine za akiba. Volti moja ikipotea mwishoni mwa utepe, bluu na kijani zinapoteza karibu asilimia 40 ya mkondo wao, nyekundu inapoteza kama asilimia 17. Ndiyo maana ncha ya mbali inakuwa na rangi ya machweo.

Dawa ni kulisha utepe kutoka ncha zote mbili: nyaya nyingine kutoka adapta hiyo hiyo hadi mwisho wa utepe. Usiunganishe roli ya pili ya mita 5 mwishoni mwa ya kwanza. Kila roli ipelekewe nyaya zake kutoka kwenye adapta.

Adapta ya ampea ngapi?

Utepe wa LED kubwa za 5050, 60 kwa mita, unakula wati 14.4 kwa mita ukiwa mweupe kamili. Roli ya mita 5 ni wati 72, yaani ampea 6 kwa volti 12. Ule wa LED ndogo za 3528, 60 kwa mita, ni wati 4.8 kwa mita. Roli nzima ni ampea 2. Ongeza kama asilimia 20 juu ya hesabu ili adapta isifanye kazi kwenye kikomo chake usiku kucha, hasa Mombasa ambapo chumba kisicho na pangaboi tayari ni tanuri.

Angalia mtego huu. Kontrola ilipokuwa nzima, ilizungusha rangi moja moja, na mara nyingi adapta iliyokuja na seti ilibeba theluthi tu ya mzigo. Sasa umeunga R, G na B zote kwa pamoja, na zitabaki hivyo kuanzia magharibi mpaka alfajiri. Adapta ile ile inachemka, inanuka, kisha inazima. Ukiigusa baada ya nusu saa ukashindwa kuacha mkono juu yake, ni ndogo.

Nikiweka adapta ya ampea nyingi mno, haitaunguza taa?

Hapana. Taa huchukua ampea zinazotaka. Kinachounguza ni volti kuzidi. Adapta ya 12V ampea 10 kwenye utepe wa ampea 2 ni salama kwa utepe, ila si salama kwa waya mwembamba ukipiga shoti, kwa sababu adapta hiyo ina nguvu ya kuendelea kusukuma mpaka plastiki iyeyuke. Weka fyuzi ndogo kwenye waya wa chanya, ya ampea zinazokaribia mzigo wako.

Adapta ya kompyuta ya mkononi hutoa karibu volti 19. Usiifikirie.

Nyaya tatu, nimeunga chanya na hasi, hakuna hata moja inayowaka. Zimekufa?

Huenda hazijafa. Taa za chipu, kama WS2812B ya volti 5 au WS2811 ambayo tepe zake nyingi ni za volti 12, husubiri ujumbe kupitia waya wa katikati unaoiambia kila LED au kundi la LED iwake rangi gani na kwa kiasi gani. Umeme peke yake hauzitoshi. Kugusisha waya wa data na chanya hakusaidii pia. Huo si ujumbe, na unaweza kuua chipu ya kwanza.

Hakuna ujanja hapa. Nunua kontrola nyingine ya aina hiyo hiyo, na uulize kwa jina la chipu na si kwa sura ya kiboksi. Ukiiunga, ujumbe uingie upande wa DI (wa kuingilia data), kwa kufuata mshale. Na hizi usizigeuzie chanya na hasi hata kwa majaribio, maana tofauti na utepe wa kawaida, chipu huungua.

Kamba za harusi za 240 zenye kile kiboksi cha mitindo minane: naweza kuruka kiboksi?

Hapa twende polepole.

Ukifungua kiboksi hicho, plagi ikiwa imechomolewa, utakuta dayodi nne zilizopangwa kugeuza AC kuwa DC, chipu ndogo, kitufe, na vidude viwili au vinne vyenye miguu mitatu vinavyoitwa thairista. Kila thairista inawasha mfuatano mmoja wa balbu. Balbu zimefungwa kwa mfuatano mrefu, ili zile volti zigawanywe: LED 100 nyeupe kwa volti 3.2 kila moja zinafika 320, na umeme wetu wa 240 ukigeuzwa una kilele cha takriban 339. Unaona jinsi hesabu ilivyobanwa. Ukikata balbu 30 kwa sababu kamba ni ndefu kuliko ukuta, zilizobaki zinagawana volti zile zile na zinaungua.

Ukiondoa kiboksi chote na kufunga kamba kwenye plagi tupu, mambo mawili yanatokea. Balbu zinawaka nusu ya muda tu, mara 50 kwa sekunde, na kumulikamulika huko kunaonekana ukizungusha macho haraka au ukichukua video. Na kwa nusu nyingine ya muda umeme unazisukuma kinyume. LED ndogo kwa kawaida imekadiriwa kuhimili kama volti 5 tu za kinyume; mgawanyo ukiwa si sawa, zile dhaifu zinaanza kufa moja moja, na kwenye mfuatano mmoja ikikatika zote zinazima.

Fundi anayejua anaziacha dayodi nne mahali pake na kuruka thairista peke yake, ili mkondo upite wakati wote, halafu anafunga kiboksi vizuri. Fundi anayekwambia "hiki kiboksi hakina kazi" na kukikata mbele yako, mlipe nauli umwache aende. Na mara nyingi kununua kiboksi kingine cha kamba kama hiyo, au plagi yenye dayodi isiyo na mitindo, kunapunguza maneno.

Kumbuka kwamba kamba hizi hazina transfoma. Kila sehemu yake, hata balbu ya mwisho kabisa iliyo karibu na mkono wa mtoto, iko kwenye umeme wa ukutani. Balbu ikipasuka, chomoa kwanza, ndipo uiguse.

Zile za waya mwembamba wa shaba: nimeziunga na nusu tu zinawaka. Kwa nini?

Kwa sababu zimepangwa hivyo. Kwenye kamba nyingi za adapta ya volti 31 zenye mitindo minane, nyaya ni mbili tu lakini makundi ya balbu ni mawili: moja limeelekea huku, jingine limegeuzwa. Kontrola inabadilisha chanya na hasi kwa kasi sana, na jicho linaona zote zinawaka. Ukizipa DC tulivu kundi moja linawaka. Geuza nyaya, linawaka jingine. Wala hujaharibu kitu.

Ukiridhika na nusu, ziache hivyo. Kwa jukwaa la harusi lililojaa vitambaa, nusu ya balbu mia mbili bado ni nyingi. Ukizitaka zote, tafuta kontrola nyingine ya volti hizo hizo. Kwa kuwa kila kundi lilikuwa likipumzika nusu ya muda, ukiliacha liwake mfululizo jihadhari na joto: tumia adapta ya volti chini kidogo, kwa mfano 24 badala ya 31, mwanga utapungua na balbu zitaishi.

Zile fupi za USB za volti 5 mara nyingi zimeelekea upande mmoja zote, kwa hiyo hazina tatizo hili.

Naweza kuunga LED moja moja nilizonunua kwa hesabu kwenye betri ya 12?

Ndiyo, lakini si tupu. LED ikishapata volti zake haina breki, inavuta mkondo mpaka inaungua. Rezista ndiyo breki. Toa volti za LED kwenye volti za betri, gawanya kwa mkondo. LED nyeupe ya volti 3.2 kwa ampea 0.02: 12 toa 3.2 ni 8.8, gawanya kwa 0.02 unapata omu 440. Nunua 470, ya robo wati. Ukifunga tatu kwa mfuatano, rezista ya 120 au 150 inatosha kwa zote, na umeacha kupoteza umeme mwingi kwenye joto.

Tuktuk yangu: utepe wa volti 12 niuweke moja kwa moja kwenye betri?

Unaweza, na wengi wameweka, kisha baada ya miezi michache zinaonekana LED tatu zimekufa hapa, tatu pale. Injini ikinguruma, betri ya "12" inafika volti 14 na ushei. Rezista ya kila kundi ilikuwa na volti 2.4, kwa 14.4 inapata 4.8. Yaani mkondo unakaribia mara mbili. Weka kidhibiti volti kinachotoa 12 safi, au nunua tepe zilizotengenezwa kwa magari. Fyuzi iwe karibu na betri kadiri inavyowezekana, si mwisho wa waya kwenye taa, maana waya utakaosuguliwa na chesisi barabara ya Kongowea utapiga shoti kabla ya kufika huko.

Kwa matatu kubwa kama Isuzu NQR mfumo ni wa volti 24. Usichote 12 kwenye betri moja kati ya mbili. Moja itakuwa inaisha chaji na nyingine inachajiwa kupita kiasi, na utanunua betri mbili kwa ajili ya taa za shilingi mia kadhaa. Tumia tepe za 24.

Pawabenki je? Na sola?

Pawabenki inafaa kwa taa za USB za volti 5. Ya mAh 10,000 ina kama wati-saa 37. Taa za wati 2.5 zitakesha nayo. Tatizo ni kwamba nyingi zikihisi mzigo ni mdogo mno zinadhani simu imejaa, zinazima. Kuongeza kamba ya pili ya taa mara nyingi huiamsha.

Kwa sola, usiufunge utepe wa volti 12 kwenye paneli yenyewe. Paneli iitwayo ya 12 ikiwa juani bila mzigo inapanda hadi volti 21 au 22. Pitia kwenye betri na kidhibiti cha chaji, kwenye matundu yenye alama ya balbu. Hiyo ni kontrola moja ambayo hakuna anayeiruka akafurahi.

Nyumba iko mbali na baraza. Niurefushe waya wa 12 au wa 240?

Kwa volti 12, urefu ni adui. Waya wa shaba wa 0.75 (milimita za mraba) kwa umbali wa mita 10, kwenda na kurudi, una karibu omu 0.47. Ukipitisha ampea 3 umepoteza volti 1.4 kabla ya utepe kuanza. Kwa ampea 6, umepoteza 2.8 na taa ni za huzuni. Tumia waya wa 1.5, ule wanaotumia kwa taa za nyumba, hasara inakuwa nusu. Ukihitaji zaidi ya hapo, afadhali fundi avute 240 ndani ya paipu hadi karibu na taa na adapta ikae huko, juu na pakavu.

Naweza kupunguza mwanga bila kontrola?

Nunua kidima cha volti 12 chenye kirungu cha kuzungusha, kikae kati ya adapta na utepe. Regyuleta ya pangaboi haifai, wala kidima cha ukutani: adapta ya kawaida haikutengenezwa kulishwa umeme uliokatwakatwa, itavuma, itamulika, na itakufa.

Hapa pwani taa hazidumu. Chumvi?

Chumvi, unyevu, na namna tunavyounga. Tazama namba ya IP, inayoonyesha kinga dhidi ya vumbi na maji. Utepe wa IP20 uko uchi, ni wa ndani tu. IP65 umepakwa silikoni juu, unavumilia manyunyu. Kwa baraza la Likoni linalopigwa na upepo wa kusi tafuta IP67. Lakini ukishakata na kulehemu umefungua mlango, hata uwe IP gani. Ziba kila ncha kwa silikoni, na unuse kwanza: ile inayonuka siki inakula shaba. Tafuta isiyo na harufu hiyo.

Kiungo kilichofungwa tepu nyeusi tupu, mvua za Aprili na Mei zitakikuta. Maji ya chumvi yakiingia kwenye DC, waya wa chanya ndio unaoliwa kwanza. Unageuka unga wa kijani ilhali wa hasi bado unang'aa. Ukiona hivyo usikwangue na kuunga tena hapo hapo. Kata nyuma mpaka ufikie shaba safi.

Tunatundika kamba za 240 kuvuka kichochoro kwa ajili ya harusi. Tuzingatie nini?

Vichochoro vya Mji wa Kale ni vyembamba na roshani zinakaribiana, ndiyo maana inaonekana rahisi. Beba uzito kwa kamba ya katani au nailoni, waya wa taa ufungwe juu yake. Usiuache waya wenyewe ubebe. Usizidishe idadi ya kamba zinazoungwa moja nyuma ya nyingine kuliko ilivyoandikwa kwenye boksi. Ndani ya plagi ya pini tatu badilisha fyuzi ya ampea 13 uweke ya 3. Waya huo mwembamba ukipiga shoti, fyuzi ya 13 inautazama tu ukiungua. Soketi iwe kwenye saketi yenye kikata umeme unaovuja, cha miliampea 30. Na hakuna anayeruhusiwa kuchomeka kitu kwenye nguzo ya Kenya Power, hata kama bwana harusi ni mpwa wa fundi.

Kazi ya kudumu ya waya wa nyumba ifanywe na fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati. Kutundika na kuchomeka mnaweza wenyewe.

Nimezima swichi lakini taa zinabaki na mwanga hafifu.

Zikififia na kuzima ndani ya sekunde chache, ni kapasita ya adapta inamaliza umeme wake, kawaida kabisa. Zikibaki hivyo usiku kucha kwenye taa za 240, huenda swichi imefungwa kwenye nyutro (waya wa kurudi) na laivu (waya wenye umeme) bado inafika kwenye taa. Usiziguse. Mwite fundi ahamishie swichi kwenye waya wa kahawia.

Zitamaliza tokeni?

Roli moja ya 5050 ikiwaka nyeupe kamili saa 6 kila usiku ni wati 72 mara 6, yaani takriban yuniti 0.43, na kidogo zaidi kwa joto la adapta. Ukiwasha rangi moja tu, gawanya kwa tatu. Friji lako likifunguliwa na wageni wote wanaotafuta maji baridi litakula zaidi ya hapo.